Panda marejea kabla ya nyanya

Tengeru, Arusha
3 Machi

Mpendwa Mama Aikande,

Salamu nyingi kutoka Tengeru. Barua yako nimeipata, pamoja na ile mizizi ya mnyanya uliyoifunga kwenye gazeti. Nimeiosha kwenye ndoo na kuitazama vizuri. Vile vivimbe ulivyodhani ni vinundu vya kutengeneza mbolea, kama vya maharage, sivyo. Ni mafundo ya minyoo fundo, minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoingia kwenye mizizi na kuivimbisha. Kinundu cha mbolea hukaa ubavuni mwa mzizi. Ukikisugua kwa kidole kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kulibandua bila kuukata. Na mnyanya hauna vinundu vya mbolea hata siku moja. Ndiyo maana miche yako ilikuwa inanyauka mchana hata kama umemwagilia asubuhi: mizizi ya namna hiyo haivuti maji.

Kwa hiyo jibu langu limebadilika. Uliniuliza kama ukipanda ngwara, ile jamii ya maharage inayotambaa, kwenye bustani msimu huu wa masika udongo utapata nafuu. Ungepata, kwa upande wa rutuba. Lakini minyoo fundo huzaliana vizuri kwenye mizizi ya ngwara, na ya kunde pia, kwa hiyo ungekuwa unaulisha udongo na kuwalisha wao kwa mkono uleule. Panda marejea, uyafukie udongoni yakiwa bado machanga yawe mbolea ya kijani. Minyoo huingia kwenye mizizi ya marejea lakini wengi hawakui wala kutaga mayai, basi idadi yao inashuka. Hapo hapo marejea ni jamii ya kunde, yanavuta nitrojeni, ile rutuba ya kukuza majani, kutoka hewani kama ngwara. Si mmea mgeni. Wamisionari wa Peramiho kule Songea waliuhimiza sana kwa wakulima miaka ya 1980, na jina lenyewe linakuambia kazi yake.

Nakuomba jambo moja kabla hujashika jembe. Amua leo kwamba zao hili ni la udongo, si lako. Najua itakavyokuwa: mwishoni mwa Mei bustani imejaa, kijani kibichi, maua ya njano yanaanza, majirani wanasifia, na mtu anakushauri uache yakomae uvune mbegu. Ukiacha, umepoteza. Mmea ukianza kujaza mbegu unahamisha nitrojeni kutoka kwenye majani kwenda kwenye punje, na shina linakuwa mti. Unachofukia hapo ni kuni.

Sasa kazi yenyewe. Kipande chako ni mita 10 kwa 10, basi nakuhesabia hapo hapo.

Ng'oa masalia yote ya nyanya pamoja na mizizi, uyachome au uyatupe mbali. Usiyatie kwenye shimo la mboji. Lima mara moja kina cha sentimita 15 hivi, kuvunja lile gamba gumu ulilosema linajitokeza baada ya kumwagilia. Ukikuta unga mweupe juu ya udongo na maji yanatuama siku nzima, hiyo ni chumvi au magadi, ugonjwa mwingine kabisa ambao marejea peke yake hayataponya. Hapo sitisha kazi, niandikie kwanza.

Mwaga samadi iliyooza vizuri, debe 10 kwa eneo lote. Siyo kwa ajili ya nitrojeni. Ni kwa ajili ya fosforasi, kwa sababu bakteria wa kwenye vinundu hawafanyi kazi ya maana bila hiyo, na wengi wanaosema mbolea ya kijani imewashinda walikosea hapa. Kama huna samadi, nusu kilo ya TSP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, inatosha. Mbolea ya Minjingu ya kusaga inafaa zaidi kwenye udongo wenye uchachu kama wa juu mlimani. Kwa udongo wa tambarare wa huko kwenu, ambao mara nyingi hauna uchachu, inayeyuka polepole mno. Urea na CAN, mbolea za dukani zenye nitrojeni, usiweke hata kijiko. Marejea yakikuta nitrojeni ya bure kwenye udongo hayahangaiki kutengeneza ya kwao.

Mbegu: gramu 300. Ni ndogo, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu, kipimo kimoja cha mbegu kwa vinne vya mchanga, usije ukamaliza zote kwenye kona ya kwanza. Subiri masika yashike kweli, udongo uwe umelowa kufika kina cha kiganja. Mvua moja ya kudanganya isikutoe nyumbani. Chora mistari iliyoachana sentimita 30, dondosha mbegu mfululizo, funika sentimita 1 hadi 2 tu. Ukizika zaidi ya hapo nyingi hazitatokeza. Wengine hurusha kwa mkono, na inaota, ila wewe una sababu ya kupanda kwa mistari: lazima upalilie. Mnavu, mchicha pori na magugu mengine mengi yanawatunza minyoo fundo. Ukiyaacha yaote katikati ya marejea, minyoo watahamia huko kungojea nyanya zako. Palilia wiki ya tatu, na tena wiki ya tano. Baada ya hapo marejea yanafunga kivuli na kazi inapungua.

Chimba na mfereji mdogo wa kutolea maji upande wa chini. Marejea yanavumilia ukame kuliko kutuama kwa maji, na masika ya Aprili unayajua.

Wiki ya sita fanya ukaguzi. Usivute mmea, chimba kwa jembe, maana vinundu hubaki ardhini ukivuta. Chukua mimea minne au mitano sehemu tofauti, osha, pasua vinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama damu hafifu, kazi inaendelea. Vyeupe bado havijaanza au havifai. Vya kijani au kahawia vimechoka. Ukikuta mimea ya njano isiyo na vinundu kabisa, fikiria fosforasi, halafu maji yaliyotuama. Kuna ushauri wa kuchota udongo wa shamba la kunde na kuuchanganya na mbegu ili kuleta bakteria. Kwako nakukataza: huo udongo unaweza kukuletea minyoo fundo wengine. Bakteria wa marejea ni wale wale wa kunde na mbaazi, na kwa kawaida wapo tayari kwenye udongo wetu. Soya ndiyo inayohitaji kuletewa wa kwake.

Kukata. Tazama maua, usitazame kalenda. Kwa joto la huko kwenu Pasua nategemea wiki ya 10 hadi ya 12, yaani mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni ukipanda katikati ya Machi. Maua ya kwanza yakifunguka na vichipukizi vingine bado vimefumba, ndiyo siku yenyewe. Kipimo kingine ni ukucha: ukiingia kwenye shina katikati ya mmea bila shida, bado ni laini. Ukigoma, umechelewa. Ukichelewa wiki mbili tatu utaona matokeo kwenye nyanya: zitapauka na kuwa njano mwezi mzima wa kwanza. Sababu ni kwamba vijidudu vinavyoozesha mashina magumu yenye kaboni nyingi vinahitaji nitrojeni ya kujengea miili yao, na vinaichukua kwenye udongo, kutoka mdomoni mwa mmea wako. Majani machanga yana kaboni kama 15 kwa nitrojeni 1, na hapo kinabaki cha kutoa. Ikizidi 25 kwa 1 mambo yanaanza kugeuka. Mabua ya mahindi yanafika 60.

Kabla ya kufyeka, pima. Weka vijiti vinne mraba wa mita moja kwa moja, kata kila kitu ndani yake, tundika kwenye mizani ya sokoni. Ukipata kilo 2 mbichi, hiyo ni kama gramu 400 kavu, na katika hizo nitrojeni ni gramu 12 hivi. Mara 100: kilo 1.2 za nitrojeni kwenye bustani nzima, sawa na iliyomo kwenye kilo 2.6 za urea. Lakini usiseme umepata urea bure. Msimu wa kwanza nyanya zitapata kama theluthi moja hadi nusu ya hiyo. Iliyobaki inakaa kwenye udongo na kutoka polepole, na sehemu yake ndiyo inayoshikamanisha chembe za udongo mpaka lile gamba gumu linapungua. Kwa hiyo mbolea ya kukuzia bado utaweka, ila kidogo kuliko ulivyozoea.

Fyeka asubuhi, kata kwa panga vipande vifupi kuliko shubiri, acha yanyauke mpaka kesho yake, kisha fukia. Usiyaache juani wiki nzima ndipo ufukie, maana yale majani mabichi yakikauka juu ya ardhi sehemu ya nitrojeni inapaa kama gesi. Kina ni sentimita 10 hadi 15, si zaidi. Huko chini zaidi hewa ni haba, majani yanavunda badala ya kuoza. Mizizi iache ardhini. Kama udongo ni mkavu, mwagilia siku ile ile, halafu uwe unalowanisha kila baada ya siku chache.

Kisha subiri wiki tatu. Siku za kwanza udongo unapata joto, ukungu unasambaa, wadudu wanakusanyika. Mche ukiingia hapo unakatwa na sota, yule kiwavi wa udongoni, au unaanguka kwa kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche. Juni kuna baridi, kwa hiyo usihesabu siku tu. Chimbua sehemu mbili tatu: majani yawe hayatambuliki tena, na harufu iwe ya udongo uliolowa mvua. Ikinuka kama yai viza, maji yamezidi, pindua upate hewa na uongeze wiki. Kisha nyunyiza mbegu chache za mchicha kwenye kona. Zikiota vizuri na kusimama, mahali pako tayari.

Kitalu cha nyanya kisie siku ile unapofyeka marejea. Miche inataka wiki nne hivi, itakuwa tayari wakati udongo uko tayari, na utapanda mwanzo wa Julai ukiwa umeepuka ukungu wa masika. Ila kitalu kisiwe kwenye kile kipande cha zamani. Ukipandikiza miche yenye mafundo umerudisha minyoo kwa mkono wako na kazi ya miezi mitatu imepotea. Tena, marejea hayawamalizi minyoo. Yanawapunguza. Ukipanda nyanya misimu miwili mfululizo watarudi, kwa hiyo baada ya hizi panda vitunguu, halafu marejea tena.

Dada yako wa Kibosho asikuige kila kitu. Kwenye mteremko ule akifukia kwa jembe mvua itashuka na udongo wake mpaka mtoni. Yeye afyeke alaze juu kama matandazo, atoboe mashimo ya kupandia tu. Rutuba inatoka polepole, lakini udongo unabaki mahali pake. Huko kwenu chini ukijaribu hivyo mchwa watakusaidia kula.

Kuhusu ile alizeti pori iliyojaa kandokando ya njia, yenye maua ya njano na majani machungu, ndiyo, itumie kwenye vile vitanda vya sukuma ambavyo huwezi kuviacha miezi mitatu. Majani na ncha laini tu, konzi mbili kwa shimo, wiki mbili kabla ya kupanda. Ina nitrojeni nyingi na potasiamu nyingi zaidi. Ila siyo jamii ya kunde, haitengenezi nitrojeni, inahamisha tu kutoka ilikoota.

Na ngwara yako usiitupe. Iweke kwenye shamba la mahindi, ipande mahindi yakiwa na wiki tatu au nne ili isiyapande na kuyalaza. Vuna ule, au uuze, majani rudisha shambani. Huko minyoo siyo tatizo lako la kwanza.

Acha kona ya mita 2 kwa 2 ya marejea ikomae kwa mbegu ya mwakani. Vuna maganda yakikauka na kulia ukiyatikisa. Mbegu usichanganye na chakula cha kuku, maana jamii nyingi za mmea huu zina sumu kwenye mbegu.

Gramu 300 nimezifunga kwenye mfuko wa karatasi ndani ya kopo la maziwa. Zinakuja na Coaster ya asubuhi ya Jumamosi. Ulizia stendi kabla ya saa tano. Weka mahali pakavu mpaka mvua ishike. Ukipima ule mraba mwezi wa sita, niandikie umepata kilo ngapi, hata kama ni nusu ya nilizosema, ili tujue nyanya tuzipe nini.

Nisalimie Baba Aikande na bibi.

Wako,
Mama Nembris