Usiiwashe kwanza

Mwanangu,

Huku Kirumba hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika dagaa. Nimesikia umeitoa ile kompyuta ndogo ya zamani, Tandy Model 100, kabatini unataka kuiwasha. Subiri.

Wenzako huko Nansio wataicheka: kioo chenye mistari 8 tu ya herufi 40, rangi hakuna. Waache. Mashine hiyo ilitengenezwa na Kyocera wa Japani, ikaanza kuuzwa mwaka 1983, na betri 4 za AA zinaiendesha karibu saa 20. Umeme ukikatika, wewe unaendelea kuandika.

Kazi haiiui, kinachoiua ni kukaa. Ndani, kwenye bodi yenye saketi, kuna betri ndogo ya nikeli-kadimi inayotunza kumbukumbu. Ikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba. Toa skrubu za chini, ifungue taratibu, maana kuna nyaya zinazounganisha pande mbili. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe, sugua kwa mswaki wenye siki kidogo, kisha pitisha spiriti, uache ikauke sawasawa. Unyevu wa ziwa unaujua. Betri hiyo ing'oe hata kama haijavuja, uweke mpya ya volti 3.6.

Halafu kapasita, zile za kutunza chaji ya umeme kwenye bodi, za mviringo kama vikopo. Nazo huvuja, na mashine hugoma kuwaka au kioo kikafifia. Badilisha zote, usichague. Ule mstari wa ubavuni ni upande wa hasi, ukigeuza umeiharibu. Kama mkono wako bado mzito kwenye kulehemu, tafuta fundi redio mzee. Vijana wa simu watakwambia ubadilishe bodi nzima, sijui wataitoa wapi!

Adapta usichomeke yoyote unayoiona. Inataka volti 6, na hasi iko katikati ya pini, kinyume na adapta nyingi za siku hizi. Mimi ningebaki na AA tu, na ningezitoa kila ninapoiweka kabatini.

Zile hesabu zangu za soko la Mwaloni usizitafute humo, kumbukumbu ilishafutika zamani.

Betri na kapasita nimezifunga kwenye kopo la maziwa ya unga. Shangazi yako atakuja nalo kwa meli ya Ijumaa. Mpokee bandarini, ana mizigo mingi.

Mama yako