Sabuni ya unga si dawa ya vidukari

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri unaosambaa kwa wanaolima mboga kwenye ndoo na makopo: kwamba vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wakivamia, koroga sabuni ya unga umwagie mmea mzima. Jamani, msifanye hivyo. Sabuni ya unga ina chumvi na kemikali za kung'arisha nguo zinazounguza majani. Shambani mvua huzizamisha mbali, lakini kwenye ndoo ya lita 10 zinabaki palepale kwenye mizizi.

Tumieni sabuni ya mche isiyo na manukato. Kwangua gramu 10, iyeyushe kwenye maji kidogo ya moto, kisha ongeza maji hadi ifike lita 1. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji yenye madini mengi huigandisha sabuni ikawa utando mweupe, na hapo haiui kitu. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri saa 24. Lisipotoka doa la kahawia, mwagilia mmea maji matupu ushibe, funika udongo kwa nailoni, upulizie maji ya sabuni jioni jua likishapoa.

Sasa geuza jani. Vidukari wamejipanga kando ya mshipa wa kati, katikati yao kuna maganda meupe kama majivu, na jani la chini yake linanata. Huko ndiko dawa inakotakiwa. Sabuni humuua mdudu aliyelowa tu. Ikikauka, kazi yake imekwisha. Anayepulizia juu ya majani ameosha majani. Na rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, angalau mara 3, maana kidukari jike huzaa bila dume na kwenye joto watoto wake hukomaa kwa wiki moja hivi. Wakibaki watano, wamerudi wote.

Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa: mililita 5 kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, na sabuni kidogo ili yachanganyike. Lakini yanataka subira. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba, kwa hiyo anakufa baada ya siku kadhaa. Wasiojua hili huongeza dozi kesho yake, na kinachoungua ni mmea.

Ukiona sisimizi wanapanda chungu cha mmea, anza na hao. Wanalamba majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari na kuwafukuza wadudu wanaokula vidukari. Simamisha chungu juu ya tofali ndani ya beseni la maji, kitako kisiguse maji, na ubadilishe maji kila baada ya siku 3 mbu wasizaliane. Majani yasiguse ukuta wala mmea wa jirani, la sivyo sisimizi watapitia huko.

Na punguzeni mbolea yenye naitrojeni nyingi. Machipukizi laini yanayotoka kwa pupa ndiyo vidukari huanza nayo.

Mkulima wa bustani ya vyungu