Malalamiko kuhusu bomba la hewa mlilolikata na harufu ya maji taka ndani ya nyumba

Mwanga,
Kigoma.
11 Februari 2025

Meneja,
Kampuni ya Ukarabati wa Nyumba,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa ukarabati wa bafu na choo cha ndani, nyumba ya Mwanga. Kazi mlinikabidhi mwezi Novemba, nikamaliza malipo yote na risiti ya EFD ninayo. Sina ugomvi na marumaru. Zimepangwa vizuri, aliyezipanga ana mkono mzuri. Ninalolalamikia liko nyuma ya hizo marumaru na juu ya dari, mahali ambapo mteja hachungulii, na nadhani ndiyo sababu pakafanywa vile palivyofanywa.

Kabla hamjaja, bomba la inchi 4 lilitoka kwenye njia ya choo, likapanda kwenye kona ya bafu, likatoboa dari na bati na kuishia juu likiwa na kofia. Pale lilipotoboa bati palikuwa panavuja masika, nami niliwaonyesha. Kwenye makadirio yenu mkaandika wazi: bomba jipya la hewa la inchi 4 kupita juu ya bati, kofia yake, na kuziba mvujo. Nililipia mstari huo. Fundi wenu alichofanya ni kubadilisha bati lile moja, likabaki zima lisilo na tundu, na bomba akalikata juu kidogo ya dari. Akaliacha limefia humo, mdomo wazi, halafu jipsamu ikafungwa. Mvujo kweli umekwisha. Hata mimi ningeweza kuzuia bomba lisivujishe bati kwa kuliondoa kwenye bati.

Matokeo yake yalianzia chumbani kwa mama mkwe wangu, ambacho kimepakana na bafu. Mchana bati likishapata moto, harufu ya yai viza ilikuwa inashuka kutoka darini hadi kitandani kwake. Jioni upepo wa ziwani ukivuma tukafungua madirisha tulipata nafuu, mvua ikinyesha tukafunga, tulilala na shimo la maji taka ndani. Nikawapigia simu. Kijana wenu akaja, akapanda darini, akapachika kizibo kwenye mdomo wa bomba na kulipaka gundi. Akashuka akasema, "Mama, tumemaliza."

Siku chache baadaye bafu likaanza kukoroma. Ukivuta maji chooni, sinki la kunawia linagugumia, na trapu ya sakafuni pale pa kuogea, yaani kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya wavu, inatoa sauti kama mtu anayemalizia uji kwenye bakuli. Harufu sasa haitoki darini tena, inatoka bafuni kwenyewe, na ni kali kuliko mwanzo. Mara hii nilikuja ofisini kwenu, ndipo nikajibiwa na mhudumu wenu jambo ambalo sijalisahau: kwamba harufu ya choo ni suala la usafi wa mwenye nyumba. Mbele ya wateja wengine. Kisha mhudumu huyo akanishauri nimwage dawa ya chooni ile ya asidi, na ikishindikana niongeze juu yake ile ya klorini. Naomba mtu huyo aelekezwe. Dawa hizo mbili zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafuni kwangu, penye dirisha dogo, anaingia bibi wa miaka mingi mwenye kifua.

Ndugu Meneja, trapu zenu haziwezi kufanya kazi bila hewa. Kila trapu imepinda ili ibaki na maji kidogo, kama sentimita 5, na maji hayo ndiyo mlango pekee unaotenganisha sisi na shimo. Choo kikiachia maji kwa mkupuo, maji yale yanajaza bomba na kuvuta hewa iliyo nyuma yake. Kama bomba la hewa lipo, hewa inaingia kutoka juu ya paa. Kama mmeliziba, inatafutwa popote, na njia iliyo rahisi ni kuyanyonya maji ya trapu za sinki na sakafuni. Maji yakishaondoka, mlango uko wazi. Mtu yeyote wa Kigoma aliyewahi kumimina mawese kutoka kwenye dumu lisilotobolewa juu anaijua ile gulu-gulu.

Msinijibu kwamba haya ni maneno tu. Nilimwita fundi bomba mwingine, asiyewajua ninyi wala hana haja na kazi yenu. Alitoa wavu wa trapu ya sakafuni, akamwaga maji hadi ikajaa, akazamisha kijiti kilichowekwa alama. Mtoto akavuta maji chooni. Kijiti kilipozamishwa tena, maji yalikuwa yameshuka hadi karibu sentimita moja. Wakavuta tena, tukasikia upepo wa shimo ukipuliza. Kisha akapanda darini, akakitoa kizibo cha kijana wenu, na jaribio lile lile likarudiwa: maji ya trapu hayakutikisika. Harufu ikarudi darini papo hapo. Kwa hiyo kosa la kwanza na la pili ni kosa moja. Bomba lazima liwe wazi, na lazima uwazi huo uwe nje ya nyumba. Picha nimezipiga, nimeziambatisha.

Kuna na jingine alilolikuta fundi huyo, ambalo kwangu ni dogo kidogo lakini halipiti hivi hivi. Maji ya kuogea hayaondoki haraka, mtu akioga, wanaomfuata wanasimama kwenye dimbwi. Makadirio yenu yanasema bomba la inchi 2 kutoka trapu ya sakafuni hadi chemba. Lililotokeza kwenye chemba ni la inchi moja na nusu. Alipopima kwa mpira wa maji, ule wanaotumia waashi kupata levo, umbali wa mita 3 hivi una mteremko usiofika sentimita 2. Bomba dogo kama hilo linahitaji angalau sentimita 2 kwa kila mita moja, yaani hapo zilipaswa kuwa 6. Nyumba yenyewe ipo kwenye mwinuko na chemba iko chini bondeni. Kupata mteremko Mwanga si jambo la kuhangaikia, labda kama mtu alikuwa na haraka ya kumwaga zege.

Wiki iliyopita mmenitumia ujumbe kwamba mtaniwekea vali ya kuingiza hewa chini ya sinki, bure, na suala liishe. Nimeulizia. Vali hiyo hufunguka bomba linapovuta, hujifunga lisipovuta. Inaingiza hewa, haitoi gesi. Inaweza kusaidia sinki lililo mbali, lakini haiwezi kuwa tundu pekee la nyumba nzima yenye shimo la maji taka, kwa sababu gesi ya shimo lazima ipate pa kutokea. Na ikichoka mpira wake, harufu iko pale pale. Siitaki kama mbadala wa kitu nilichokwisha kulipia.

Ninachotaka ni hiki. Mje mfungue kile kipande cha dari, mtoe kizibo, mpandishe bomba la inchi 4 hadi lipite bati, na kichwa chake kiwe juu zaidi ya dirisha lolote lililo karibu, si chini ya sentimita 90. Mlivalishe kofia yenye wavu, maana mbu wa shimoni ni wengi na hawahitaji kualikwa, na mzibe tundu la bati kwa namna ambayo haitavuja. Bomba la kuogea mlifumue na kuweka la inchi 2 lenye mteremko wake. Kabla ya kumwaga zege wala kurudisha marumaru hata moja, bomba lijazwe maji mbele yangu na mbele ya fundi wangu, tuone kama linashika na linaondoka. Marumaru zitakazovunjika ni gharama yenu, na ziwe za rangi ile ile. Gharama ya fundi niliyemwita nimeiambatisha pia, naomba mnirudishie.

Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likiwa na tarehe ya kuanza kazi. Simu sizihitaji tena, nimeshaahidiwa mengi kwa simu. Muda huo ukipita, nitaweka fundi mwingine afanye kazi yote na kuwadai gharama hizo Mahakama ya Mwanzo, na nitaiandikia Bodi ya Usajili wa Makandarasi nikiambatisha makadirio yenu na picha hizi.

Na aliyeniambia habari ya usafi aniombe radhi. Hilo halina gharama.

Nyumbani kuna mtu kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Fundi akija aje na ngazi ndefu, yangu haifiki kwenye bati la upande wa nyuma.

Wenu,
Mteja, nyumba ya Mwanga

Viambatisho: nakala ya makadirio, risiti ya EFD, picha za darini na za chemba, risiti ya fundi bomba.

Nakala: Ofisi ya Serikali ya Mtaa.