Kabla hujasaini barua

Wapendwa, habari za jioni. Wiki hii nimepigiwa simu tatu, zote za kupunguzwa kazini. Poleni sana. Nasisitiza moja tu: ukiambiwa uandike barua ya kuacha kazi "kwa hiari", usikimbilie kusaini. Ukipunguzwa, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakupa kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza (mwisho miaka 10), na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ina fao la kukosa ajira. Ukiacha mwenyewe, umejifungia mlango. Malalamiko ya kuachishwa kazi yafike CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Mimi nilichelewa, uchungu wake naujua.

Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane palepale kwa mama ntilie tupitie CV. Mlio kazini pia njooni, chai juu yangu.