Nimelala Pangani, baba yangu simwoni ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya wasomaji.

Juni hii mimi na mama watoto tulikwenda kupumzika Pangani siku tatu. Wanetu ndio waliochanga nauli na kodi ya chumba. Walisema mzee amestaafu reli na sasa kazi yake ni kukodolea macho milima ya Uluguru, hebu akakodolee maji. Tukapanda basi Morogoro hadi Tanga, tukalala kwa shemeji, na asubuhi tukachukua basi dogo la Pangani.

Chumba kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Baraza yake inatazama pale mto unapoingia baharini. Maji yana rangi mbili, ya mto yana udongo na ya bahari ni ya kijani, na mpaka wake unahama kwa kujaa na kupwa. Mke wangu ni mtu wa Kilosa, maji anayoyajua yeye ni ya mafuriko. Siku ya kwanza hakuondoka kitini tangu chai mpaka magharibi, anatazama pantoni likienda Bweni na kurudi. Jioni akanipa hesabu: safari kumi na tisa, na ng'ombe mmoja aliyegoma kushuka. Chakula kilikuwa changu wa kupaka, kwa nazi ambayo mpishi hakuionea huruma. Usiku mmoja umeme ulikatika, wakatuletea chemli, tukaona ni afadhali usirudi. Maziwe pia tulikwenda, kile kisiwa ambacho zamani kilikuwa na mivinje na sasa maji yakijaa hukioni tena. Mama watoto alimuuliza nahodha saa mara tatu kabla ya kukubali kutia mguu mchangani.

Kilichonifanya nishike kalamu kiko mapokezi. Ukutani kuna fremu kubwa yenye picha nne: Boma, nyumba ya forodha, meli, na afisa wa Kijerumani mwenye masharubu yaliyosokotwa. Maelezo yake ni ya Kiingereza na Kijerumani. Neno la Kiswahili ukuta mzima ni moja, KARIBUNI. Kiingereza changu cha reli kinatosha, nikasoma. Inasema huu ni mji wa kikoloni, mtulivu, na kwamba Wajerumani walileta mkonge mwaka 1893, ndipo mji ukaneemeka. Basi, imekwisha.

Kuuleta waliuleta, sibishi. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Watu wa mashambani wana hadithi yao kuwa ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba mkavu. Huyo mamba alipitaje forodhani wanajua wenyewe. Kwa miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000. Lakini, Mhariri, mkonge haujikati wenyewe.

Baba yangu alitoka Kasulu mwaka 1952. SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, ilimpakia kwenye treni Kigoma hadi Morogoro, kisha lori. Akapewa namba, maana ndivyo walivyojulikana, kwa namba, hadi jina likawa manamba. Alikata mkonge upande wa Mwera miaka saba. Majani 30 ni mzigo mmoja. Mizigo inahesabiwa na nyapara, na ukitimiza ndipo kipande chako, yaani kadi yako ya kazi, kinatiwa alama ya siku ile. Usipotimiza, jua lako limekwenda bure. Mpaka anazikwa alikuwa na ncha ya mwiba wa mkonge ndani ya goti la kushoto, na alikuwa akiibonyeza akingoja mvua. Alituambia mji wa Pangani aliuona mara mbili tu, zote siku za mshahara, na ukingoni mwa mto hakuwahi kukaa kwa kuwa jioni lazima arudi kambini. Mimi mwanawe nimekaa siku tatu, tena na mto wa kuegemea.

Siku ya pili kijana mmoja alitutembeza mjini. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Pale Boma akatuonyesha milango ya nakshi na kutusimulia habari ya watumwa waliozikwa hai chini ya nguzo, kama wenyeji wanavyohadithia. Nikamuuliza, "Mwanangu, Bushiri alinyongewa wapi?" Akacheka kidogo kwa haya. "Mzee, wageni hawaulizi hilo."

Sikumkasirikia. Atafundishwa na nani, fremu ile? Hapo hapo Pangani, Agosti 1888, Emil von Zelewski alipandisha bendera ya kampuni ya Wajerumani, na watu wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Mji ukawageuka, na vita vikaenea Mrima yote. Hermann von Wissmann aliitwaa tena Pangani Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri bin Salim, ndiye Bushiri aliyeongoza vita hivyo, akanyongwa katika mji huo huo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatungia utenzi mambo hayo yakiwa bado ya moto, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba habari hizi hazijaandikwa kwa lugha yetu. Leo wilaya hiyo ina kata iitwayo Bushiri, na kijana wa kutembeza watu anaona haya kulitaja jina.

Nilipozungumza na msimamizi wa nyumba, mama mmoja mkarimu, alinijibu kuwa wageni wao wengi ni wa nje. Inawezekana kwa miezi mingine. Siku zetu vyumba saba vilijaa, na vitano kati yake vilikuwa na watu wa Arusha, wa Dar es Salaam, na maharusi kutoka Singida waliokuwa wakipigana picha mbele ya yule mwenye masharubu bila kujua ni nani. Na daraja la kuvuka mto linajengwa, pamoja na barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani. Watakaokuja kulala pale watakuwa akina sisi, wengi kuliko sasa. Au watapita juu ya daraja bila kushuka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna nini chini.

Siombi Mjerumani ashushwe. Akae, alikuwepo. Ninachowaomba wenye nyumba za wageni Pangani ni karatasi ya pili pembeni yake, kwa Kiswahili, yenye Bushiri na yenye manamba. Na halmashauri ikiweza kuwakalisha chini vijana wanaotembeza wageni, pamoja na wazee wa mji waliobaki, wiki moja tu, itakuwa imesaidia sana.

Kipande cha baba ninacho. Kimekunjika, kina doa la chai, na alama za siku bado zinaonekana. Nimekitoa nakala kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Msamvu na nimempigia simu yule mama wa mapokezi. Akisema ndiyo, naituma kwa basi la Tanga. Nafasi ipo chini ya masharubu, niliipima kwa kiganja kabla hatujaondoka.

Mtoto wa Manamba,
Kihonda, Morogoro