Akaunti ya simu ya mtoto ifunguliwe kwa umri wake halisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, hasa sisi wa Kigoma Ujiji, kuhusu simu tunazowanunulia watoto na kuwakabidhi bila kuzifanyia lolote. Malalamiko kwamba watoto wanaangalia picha za ngono mtandaoni yanasikika kuanzia vikao vya shule hadi barazani, lakini wanaouliza namna ya kuzizuia tovuti hizo ni wachache mno.

Chanzo kimoja nakiona kwenye vibanda vya simu pale Mwanga. Mzazi ananunua simu janja, mara nyingi ya mtumba, na muuzaji anamsaidia kufungua akaunti ya Google. Panapotakiwa tarehe ya kuzaliwa, kijana wa kibandani anajaza mwaka wowote utakaompitisha haraka, tuseme 1990, kisha anamhudumia mteja anayefuata. Tangu hapo Google inamhesabu mtoto wa darasa la sita kuwa mtu mzima, na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto haumhusu tena.

Ninachowasihi wazazi ni kuiondoa akaunti hiyo kwenye simu na kufungua nyingine yenye umri wa kweli, kisha kuiunganisha na simu ya mzazi kwa programu ya Family Link, ambayo Google inaitoa bure tangu mwaka 2017. Humo mzazi anachagua, akiwa na simu yake mkononi, kama Chrome, yaani kivinjari (programu ya kufungulia tovuti), ijaribu kuzuia tovuti za ngono au ifungue zile tu alizoziidhinisha mwenyewe, na anaweza pia kuagiza kwamba mtoto asipakue programu yoyote bila ruhusa yake. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mimi ningechagua tovuti zilizoidhinishwa tu, hata kama ni usumbufu kuzipitia moja moja. Vivinjari vingine vilivyomo kwenye simu navyo vifungwe, maana zuio hilo ni la Chrome. Wenye iPhone watapata zuio la namna hiyo kwenye mipangilio, sehemu ya Screen Time.

Nyumba nyingi, hata hivyo, zina simu moja inayotumiwa kwa zamu na baba, mama na watoto. Kama simu hiyo ni ya Android 9 au toleo la baadaye, mipangilio ya mtandao ina sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), yaani huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti, ambamo mzazi akiandika family.cloudflare-dns.com, tovuti za ngono zinazojulikana hazitafunguka katika vivinjari vya kawaida, iwe kwa bando au kwa Wi-Fi. Mtoto mjuzi anaweza kuifuta au kuipita kwa VPN, programu inayopitisha mtandao kwa njia nyingine, kwa hiyo mzazi aikague mara kwa mara. Video zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp hazizuiwi na njia hizi, na hapo hakuna budi mzazi akae na mwanawe wazungumze.

Kwa wauzaji wa simu nina ombi moja: kabla ya kufungua akaunti, mteja aulizwe simu hiyo ni ya nani. Ikiwa ni ya mtoto, iandikwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na simu ya mzazi iunganishwe hapohapo, hata kama atatozwa kidogo kwa kazi hiyo.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma