Zana za jiko la kuni mnazipakia rangi za nini?

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kadogo tu. Juzi mlitoa makala ya watu wanaopamba nyumba zao kwa vitu vya kale, nikaisoma huku nafurahi mpaka nikafika pale mwandishi anaposema ukibahatika kupata zana za zamani za jiko la kuni, yaani kichocheo cha moto, beleshi la majivu, pasi na ule mkono wa kunyanyulia vifuniko, zisugue, zipige rangi nyeusi ya kung'aa, tundika ukutani. Jamani! Roho iliniuma.

Mi nakusanya hivi vidude miaka mingi sasa na sijatundika hata kimoja, jiko linawaka na kila kitu kiko kazini. Chukua huo mkono wa kunyanyulia vifuniko, wengi wakiuona wanadhani spana iliyoharibika. Majiko ya zamani ya chuma yana vifuniko vya mviringo juu, kila kimoja kina kishimo, unachomeka ncha pale unakinyanyua, unaongeza kuni au unakalisha sufuria moto uipige moja kwa moja. Sasa utazame mshikio wake, umesokotwa kama springi, na si urembo ule. Hewa inapita katikati ya waya, halafu joto lina safari ndefu ya kuzunguka duara baada ya duara, likija kufika kiganjani limeshachoka. Ukiijaza rangi nene zile nafasi zinaziba, umeua akili yote ya fundi, na siku ukiisahau juu ya jiko rangi inatoa malengelenge na harufu ya kukimbiza watu ndani.

Pasi ndo usiseme. Zile za mwanzo zilikuwa chuma kitupu mpaka mshikio, mtu anapiga pasi kakunja kitambaa mkononi. Mwaka 1871 mama mmoja wa Marekani, Mary Florence Potts, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya pasi yenye ncha pande zote mbili na mshikio wa mbao unaochomoka, ikawa watu wananunua vyuma vitatu kwa mshikio mmoja, hiki kikipoa unakirudisha jikoni unadaka kingine. Ninazo za namna hiyo na napigia vitambaa vya meza, ila kwanza napitisha kwenye tambara maana masizi hayana adabu, kisha nasugua nta kidogo chini iteleze. Na ile namba ya mgongoni msidhani ni ya modeli, mara nyingi ni uzito kwa ratili.

Kutu? Loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, ila uwe unachungulia, usilale nayo, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Brashi ya waya, suuza, kausha palepale juu ya jiko, paka mafuta ya kupikia kidoogo halafu uyafute kama vile ulikosea kuyapaka, ndo uipashe moto. Ukiacha mafuta mengi inanata kama gundi.

Lingine, chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, ni kizito lakini kina moyo mwepesi. Mimi mwenyewe, kwa haraka zangu, nilimimina maji baridi kwenye birika tupu lililosahaulika motoni, likalia ta! ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Hilo sasa kweli ni pambo.

Sisemi kila kitu cha kale kitumike tu. Zamani kuna watu waliyeyushia madini ya risasi, yale yenye sumu, kwenye masufuria ya chuma, kwa hiyo kama hujui sufuria lilikotoka usipikie chakula kabla ya kulipima. Na vile vibao vyeupeupe vya kuzuia joto, na kamba kuukuu za mlangoni mwa jiko, vingine vina asbesto, usivikwangue, usivivunje, vumbi lake linaenda kukaa mapafuni. Makala yenu haikugusa hilo hata kwa bahati mbaya, wala haikusema kwamba ile ndoo ya bati yenye mfuniko ni ya majivu na inatakiwa ikae nje, mbali na mbao, maana kaa linaweza kujificha humo siku kadhaa likiwa zima kabisa. Nyie mmeshauri watu waweke magazeti ya zamani humo. Magazeti!

Halafu ile picha yenu, kile mlichoandika chini yake kuwa ni kichocheo siyo kichocheo. Kichocheo kina ncha. Hicho chenye kibapa mwishoni kama kijembe ni cha kukwangulia masizi chini ya oveni, na mmekitundika kichwa chini.

Msomaji wenu wa siku nyingi